Tairi Kubwa Halinunuliwi Peke Yake

Hotuba ya Afisa wa Uhusiano wa Polisi katika mkutano wa usalama barabarani, Hima, Wilaya ya Kasese



Nitazungumza kwa Kiswahili, kwa kuwa hapa wamo Wakonzo, Watoro, Wasongora, Wanyankole na jirani zetu Wanande, na lugha hii haimwachi yeyote nje ya mlango. Tena ndiyo lugha ya kambi zetu za polisi tangu zamani, kwa hiyo nami nimo nyumbani.

Leo sikuja kuzungumza juu ya wizi wala magendo. Nimekuja kuzungumza juu ya tairi. Najua baadhi yenu mtashangaa, mkidhani kwamba tairi ni jambo la fundi. Lakini katika miaka yangu ya kazi ya trafiki, kabla sijapewa kazi hii ya uhusiano, nimewahi kusimama mlangoni pa nyumba ya watu nikiwa nimeshika kofia mkononi, kumweleza mama kwamba mwanawe hatarudi. Pikipiki ya kijana yule ilikuwa imeinuliwa nyuma na kufungwa tairi lisilokuwa lake, ili ibebe mizigo mikubwa zaidi. Mteremkoni haikusimama. Tangu siku ile, nikiona chombo kilichoinuliwa, naangalia breki zake kabla sijaangalia nambari yake.

Kilichonifanya nichague habari hii leo ni mzee mmoja wa upande huu wetu, aliyefika kituoni na swali. Alikuwa amejinunulia kigari cha umeme cha magurudumu manne, vile vinavyotumika katika viwanja vya gofu na kwenye mahoteli makubwa. Vigari hivyo si vingi kwetu, lakini yeye alikuwa na sababu njema. Mkewe ana maumivu ya miguu, na kutoka nyumbani hadi kanisani na zahanati ni njia ya shambani yenye mawe na makorongo. Kigari kilikuwa kikikwaruza tumbo chini. Fundi alikuwa amekwisha kukiinua kwa inchi 6, na sasa alimshauri afunge matairi makubwa ya inchi 22. Mzee akaniuliza, "Afande, nikiyafunga matairi hayo, mtanikamatia kigari changu?"

Nikamjibu, "Mzee wangu, kabla ya kuuliza kama polisi watakikamata, tuulize kwanza kama breki zitakikamata."

Jibu lile ndilo hotuba yangu yote. Yaliyobaki ni maelezo.

Kwanza tukijue chombo chenyewe. Kigari cha gofu kilitengenezwa kwa ajili ya nyasi zilizokatwa na njia laini. Mwendo wake wa kawaida ni kama kilomita 20 hadi 24 kwa saa. Hakina gia za kubadilisha: mota ya umeme huzungusha ekseli ya nyuma kwa uwiano mmoja tu, siku zote. Betri zake, ambazo mara nyingi ni za risasi na asidi, ni nzito, nazo hukaa chini ya kiti. Na katika vingi vya vigari hivi, breki ziko kwenye magurudumu ya nyuma peke yake. Aliyekiunda alipima mambo hayo yote pamoja na tairi lenye kimo cha inchi 18 hivi. Ukilibadilisha tairi, umeugusa uzito, umeigusa nguvu na umezigusa breki, hata kama hukufungua nati nyingine yoyote.

Sitawalaumu wanaoinua vyombo vyao. Sisi sote tunaijua nchi hii. Mwezi wa Mei mwaka 2020 mito ya Nyamwamba, Mubuku, Nyamugasani na Lhubiriha ilifurika, na tuliona jinsi maji yanavyoweza kuigeuza barabara kuwa mto wa mawe. Anayepanda Kyarumba au Maliba wakati wa mvua hahitaji afisa wa kumweleza kwa nini chombo kifupi hakifai. Haja ya kuinua ni ya kweli. Swali ni kiasi gani, na kwa gharama ya nini.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi hawalijui. Kuinua bodi na kuinua ekseli ni mambo mawili tofauti. Fundi akiweka vyuma vya kuinulia kwenye springi za nyuma, hupandisha bodi, kiti, betri na vichwa vya abiria. Ekseli ya nyuma, pamoja na lile bonge la gia lililo katikati yake, hubaki palepale, kwa sababu ekseli hubebwa na tairi. Kinachoweza kuipandisha ni tairi pekee. Na tairi nalo hupandisha kwa nusu ya nyongeza yake. Ukitoka inchi 18 kwenda inchi 22, umeongeza inchi 4 za kimo cha tairi, lakini ekseli imepanda inchi 2 tu, yaani sentimita 5. Basi mzee wetu, kwa kuinua inchi 6, alikuwa amewapandisha abiria wake sentimita 15 hewani, na lile bonge la gia lililokuwa likigonga jiwe halikusogea hata kidogo.

Pili, tujifunze kusoma ubavu wa tairi. Ukikuta 18x8.50-8, maana yake ni kimo cha inchi 18, upana wa inchi 8 na nusu, na rimu ya inchi 8. Ukikuta 205/50-10, upana ni milimita 205, ubavu ni asilimia 50 ya upana huo, na rimu ni ya inchi 10. Ukipiga hesabu, tairi hilo nalo lina kimo cha inchi 18 hivi. Kwa hiyo rimu kubwa si dalili ya tairi refu. Wapo walionunua rimu za kung'aa wakidhani wameinua chombo, kumbe wamepunguza ubavu wa mpira tu, na sasa kila jiwe linafika moja kwa moja kwenye chuma na mgongoni mwa abiria. Mwambie muuzaji akuoneshe kimo kamili, kisha soma mzigo ambao tairi limeidhinishwa kuubeba na upepo wa juu linaoruhusiwa. Yote yameandikwa ubavuni. Matairi ya vigari hivi hujazwa upepo mdogo kuliko ya gari la kawaida. Anayeyajaza kama ya teksi hupata tairi gumu linalorukaruka badala ya kushika njia.

Tatu, hesabu ya mwendo na nguvu. Tairi la inchi 18 likizunguka mara moja husafiri sentimita 144 hivi. Tairi la inchi 22 husafiri sentimita 176. Mota huzunguka vilevile kama jana, lakini kigari sasa kinakwenda mbali zaidi kwa kila mzunguko. Kilichokuwa kikikimbia kilomita 20 kwa saa kitakimbia zaidi ya 24. Wengi hufurahi hapo. Lakini nguvu haikuongezeka, imetandazwa tu. Msukumo kwenye ardhi hupungua kwa asilimia 18, na upungufu huo hauonekani uwanjani, huonekana mlimani. Kigari kitapanda kwa shida, mota na kidhibiti umeme vitapata moto, na betri iliyokuwa ikikufikisha kanisani na kukurudisha huenda ikakuacha njiani. Ukichagua tairi zito lenye meno makubwa ya matope, upungufu huzidi, hasa ukilitembeza kwenye lami.

Nne ni breki, na hapa naomba kila mmoja anisikilize, hata wewe usiye na kigari. Breki hushika katikati ya gurudumu, na tairi hukutana na ardhi kwenye ukingo. Kadiri ukingo unavyokwenda mbali na katikati, ndivyo breki ileile inavyopungukiwa na nguvu pale chini. Kwa tairi la inchi 22 badala ya 18, nguvu ya kusimamisha hupungua kwa asilimia 18, sawa na ule msukumo. Papo hapo mwendo umeongezeka, na chombo kikienda kasi zaidi, umbali wa kusimama hukua kwa mraba wa mwendo. Ukiyaunganisha mawili hayo, kigari kikiwa katika mwendo wake wa juu, kilichokuwa kikisimama kwa mita 10 za breki sasa kitahitaji mita 18. Mita 8 za nyongeza ni urefu wa nyumba. Mtoto anayekimbilia mpira hasimami mita 8 mbali na mahali alipo kwa sababu wewe umebadilisha tairi. Wala tembo anayevuka barabara ya mbugani kati ya Kasese na Kikorongo hatakusubiri.

Tano ni kupinduka. Tuchukue mfano. Kigari chenye upana wa sentimita 90 kati ya tairi na tairi, ambacho kitovu cha uzito wake kiko sentimita 60 kutoka chini, kitavumilia mteremko wa ubavuni wa digrii 37 hivi kabla hakijalala. Kiinue kwa inchi 6, ongeza matairi ya inchi 22, na kitovu hicho kitafika sentimita 80. Sasa uvumilivu wake ni digrii 29. Hapo kimesimama tu. Weka watu watatu vitini, kata kona kwa haraka, gurudumu moja lidumbukie shimoni, na sehemu kubwa ya uvumilivu huo imekwisha kuliwa. Matairi mapana na ekseli iliyotanuliwa husaidia kiasi, lakini nayo huzitwika beringi na usukani mzigo ambao havikuumbiwa.

Nilimweleza mzee hayo yote, naye akanisikiliza kwa heshima, lakini niliona usoni mwake kwamba hesabu za polisi hazikumwingia. Basi nikaenda kwake jioni moja, pamoja na fundi wake. Fundi alikuwa ameazima seti ya matairi ya inchi 22. Tukayafunga, kisha badala ya watu tukapakia magunia ya mahindi vitini, tukayafunga kwa kamba kadiri ya uzito wa mzee, mkewe na wajukuu wawili. Tukakisukuma kigari polepole, kwa mikono, hadi pale njia inapopinda juu ya mfereji, mahali ambapo yeye hupita kila Jumapili. Kabla hatujafika katikati ya kona, gurudumu la juu likaachana na ardhi. Vijana wanne wakakishikilia kisilale. Hakuna aliyesema neno. Mzee aliyatazama yale magunia kwa muda mrefu, kisha akasema, "Gunia lile la nyuma ndipo anapokaa mjukuu wangu mdogo."

Yule fundi si mtu mbaya. Alitoa alichoombwa, na alichoombwa kilikuwa urefu. Ndugu mafundi, nawaomba msimuulize mteja anataka urefu gani. Muulizeni anapita wapi, anabeba nani, na anasimamaje.

Tuliipima njia. Jiwe baya kuliko yote lilihitaji ekseli ipande kidogo tu, na mawe mengine mawili yangeweza kuondolewa kwa sururu. Vijana waliyaondoa asubuhi iliyofuata, bila malipo. Vyuma vya inchi 6 vikatolewa, vikawekwa vya inchi 3, na matairi ya inchi 20 yakachaguliwa, yenye meno ya wastani yanayofaa udongo na changarawe. Kwa hesabu ileile ya awali, kitovu cha uzito kiko sasa sentimita 70 badala ya 80, na uvumilivu wa mteremko ni digrii 33 hivi. Breki za nyuma zikafunguliwa, zikasafishwa na kukazwa, na mwendo wa juu ukapunguzwa kwenye kidhibiti umeme ili usizidi ule wa mwanzo. Mama anakwenda kanisani. Pale konani, kwa makubaliano yao wenyewe, wajukuu hushuka na kutembea.

Kutokana na kisa hicho, nawaachia mashauri machache ya kushika.

Pima njia kabla ya kupima tairi, kisha chagua tairi dogo kuliko yote litakalokupitisha.

Usilinunue tairi usiloweza kulilipia breki. Fedha zikitosha kwa kimoja tu, tengeneza breki.

Ukishafunga tairi, pakia chombo mzigo wake kamili, geuza usukani kushoto hadi mwisho, kisha kulia hadi mwisho, na uangalie kama mpira unagusa chuma au waya popote. Tairi linalosugua leo litapasuka kesho.

Badilisha matairi yote manne kwa kimo kimoja. Kimo kisicholingana huinamisha chombo na kuharibu usukani.

Kaza nati kwa mpangilio wa msalaba, na uzikaze tena baada ya siku chache za mwendo, kwa maana rimu mpya hujikalisha na nati hulegea.

Jaribu breki mahali tambarare na patupu, kabla ya kuzijaribu mteremkoni ukiwa na mke wa mtu.

Ndugu waendeshaji wa boda-boda, msidhani mmepona kwa sababu chombo chenu kina magurudumu mawili. Pikipiki nyingi mnazoendesha zina tairi la nyuma lenye alama 3.00-17. Anayelifunga kubwa zaidi, au anayeinua shokapu za nyuma ili abebe mikungu mitano ya matoke badala ya mitatu, amefanya hesabu ileile ya mzee wetu, tena bila magunia ya kujaribia. Nanyi wenye magurudumu matatu mnaobeba bidhaa za soko la Mpondwe, mkumbuke kwamba chombo cha magurudumu matatu hupinduka upesi kuliko cha manne. Msikiongezee urefu. Na unapovuka daraja kuingia Kongo, unatoka upande wa kushoto wa barabara na kwenda wa kulia. Hapo ndipo chombo kizito, kirefu na chenye breki hafifu humfichua mwenyewe.

Mtauliza, sheria yasemaje? Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani ya mwaka 1998 inataka chombo cha moto kinachotembea barabara ya umma kisajiliwe, kiwe katika hali salama, na mwendeshaji awe na leseni. Bima ya mtu wa tatu nayo ni lazima. Kigari cha gofu kisichosajiliwa kibaki shambani, hotelini au uani. Kisije kuchanganyika na malori ya saruji kwenye barabara kuu ya Fort Portal, ambako mwendo wake mdogo ni hatari hata kama tairi zake ni sahihi. Na kabla hujabadilisha umbo la chombo chochote kilichosajiliwa, mwone Inspekta wa Magari. Swali halina faini. Mzee wetu aliuliza, na hakuna aliyemwandikia karatasi.

Husemwa kwamba ajali haina kinga. Wazee wetu walisema hivyo kuwafariji waliofiwa, na kwa faraja neno hilo ni jema. Lakini lisiwe kisingizio cha walio hai. Zipo ajali nilizozishuhudia ambazo zilikuwa na kinga, na kinga hiyo ilikuwa kipimo cha mkanda, gunia la mahindi, na mtu mmoja mwenye ujasiri wa kuuliza kabla ya kulipa.

Jumamosi hii, saa tatu asubuhi, mimi na wenzangu wa trafiki tutakuwa nje ya kituo pamoja na mafundi wawili waliojitolea. Leteni vyombo vyenu vilivyoinuliwa. Tutapima, tutashauri, na siku hiyo hatutakamata chombo chochote kwa kosa la kuletwa kupimwa. Nikisema hivyo mbele ya Mwenyekiti na viongozi wa dini, mnajua kwamba nimejifunga.

Kwa Mungu na Nchi Yangu.